Lumbesa si Desturi, ni Wizi

Ndugu wasomaji, twaomba nafasi kidogo katika kurasa hizi tunene neno juu ya maharagwe. Twajua wako watakaocheka na kusema, Je, walimu wamekosa jambo la kuandika hata waandike habari za sufuria? Twajibu ya kuwa sufuria ndiyo iliyotuleta hapa. Kila asomaye maneno haya, ama hulima mazao ya jamii ya kunde, ama huyanunua, ama huyala. Na walio wengi hufanya yote matatu. Jambo limgusalo kila mtu kila siku si jambo dogo, hata likiwa na ukubwa wa punje.

Sisi twakaa Kinondoni, katika jiji la Dar es Salaam. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa mkoa huu una watu 5,383,728, nao karibu wote hawalimi maharagwe wanayokula. Maharagwe ya njano, na yale yenye mabaka yaitwayo kablanketi, na mekundu, hutoka Mbeya, Rukwa, Kigoma, Kagera, Manyara na Kilimanjaro. Mbaazi hutoka Lindi, Mtwara na Manyara; choroko na dengu hutoka Mwanza na Shinyanga. Vyote huja juu ya magari makubwa, na vingi hushushwa katika soko la Tandale, ambalo kwa miaka mingi limekuwa ghala ya nafaka ya upande huu wa mji. Kutoka hapo hugawanyika kwenda Mwananyamala, Magomeni, Manzese, hata Tegeta na Bunju. Basi ninyi mlioko vijijini na sisi tulioko mjini hatujuani kwa sura, bali tumefungwa pamoja kwa kamba ya gunia. Na juu ya gunia hilo ndipo tuna neno.

Muhula uliopita wazazi wa shule yetu walichanga fedha za chakula cha mchana, na walimu wawili wakatumwa kununua gunia moja la maharagwe ya njano. Walipolileta tulilipima katika mizani ya jikoni, tukimwaga na kupima kidogo kidogo. Gunia lile, lililouzwa kwa jina la gunia moja, yaani kilo 100, lilikuwa na kilo 121. Tulifurahi mno. Wengine walipiga makofi, na mpishi akasema hiyo ni bahati ya watoto. Lakini mwenzetu mmoja, mzaliwa wa milima ya Usambara, hakucheka. Tulipomwuliza sababu akasema, "Ninyi mwacheka kwa kuwa gunia mmelikuta limeshonwa. Mimi nalimwona mama akilijaza."

Kisha akatueleza. Mchuuzi huja kijijini na magunia yake mwenyewe, tena makubwa. Hujazwa, yakashindiliwa kwa mguu, yakajazwa tena mpaka mdomo haufungiki. Hapo huletwa kipande cha gunia jingine, au wavu, kikashonewa juu kama kilemba, na ndani ya kilemba hicho hutiwa maharagwe mengine. Hiyo ndiyo lumbesa. Na bei huwa ni ya gunia moja.

Tukanyamaza. Tulirudi kwa mwuzaji kumwuliza kilo zile 21 ni za nani. Alituona kama watu wasio na akili timamu. Alisema yeye alinunua kwa dalali, na dalali alinunua kwa mchuuzi aendaye vijijini, na mkulima mwenyewe hakuna amjuaye. Basi hatukuwa na mtu wa kumrudishia. Watoto walikula, nasi tulikula pamoja nao. Twaungama hayo mapema, ili msomaji asidhani ya kuwa twanyosha kidole tukiwa safi.

Juma lililofuata tulifanya jaribio jingine pamoja na watoto wa darasa la sita, wakati wa somo la hesabu. Huku mjini maskini hanunui kwa gunia, hununua kwa ile ndoo ndogo ya rangi iitwayo sado, au kwa kopo. Tulinunua sado tano za maharagwe ya namna moja, kwa bei moja, siku moja, katika soko moja la upande huu wa mji, kila sado kwa mwuzaji wake. Tulipozipima, iliyo nzito ilikuwa na kilo 3 na gramu 200. Iliyo nyepesi ilikuwa na kilo 2 na gramu 650. Fedha ni zile zile, na jina la kipimo ni lile lile. Tulirudi tukaomba kuiona sado ile nyepesi. Mwenyewe akaigeuza bila aibu: kitako kilikuwa kimepashwa moto, kikasukumwa ndani kama kiganja cha mkono. Akasema sado zote ndivyo zilivyo; nasi twajua sivyo, kwa maana nyingine nne tumezipima.

Watoto wakapiga hesabu. Tofauti ni gramu 550. Mama anunuaye sado moja kila juma kwa mwuzaji yule, kwa mwaka wenye majuma 52, hupoteza kilo 28 na gramu 600, kuliko jirani yake anunuaye kibanda cha pili. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, yule mama anajua?" Hajui. Huona tu ya kuwa maharagwe hayafiki mwisho wa juma, akadhani watoto wamezidi kula.

Sasa wekeni mambo haya mawili pamoja. Kijijini gunia huzidi, na mjini sado hupungua. Mkulima hutoa kilo 120 akalipwa kilo 100. Mnunuzi wa mwisho hulipa kilo 3 na zaidi akapewa kilo 2 na kitu. Kama kipimo kingekosewa kwa bahati tu, basi mara kingempunja huyu na mara yule. Lakini kosa hili halibadili upande hata siku moja: aliye mwanzo wa njia hupunjwa, na aliye mwisho wa njia hupunjwa. Mazoea ya namna hii hayaitwi desturi. Tuyaite kwa jina lake: ni wizi, ijapokuwa umeshonwa kwa uzi na kupakiwa mchana.

Na tuhesabu hasara ya mkulima, ili mtu asiseme twakuza mambo. Tuseme, kwa mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi, kilo moja ya maharagwe shambani ni shilingi 2,000. Gunia la haki ni shilingi 200,000. Mwenye magunia 10 ya lumbesa, kila moja kilo 120, ametoa kilo 1,200, lakini amelipwa kilo 1,000. Kilo 200 zimekwenda bure, nazo ni shilingi 400,000. Je, ndugu, katika nyumba yako shilingi 400,000 si kitu? Ni sare na madaftari ya watoto, ni chumvi na sabuni za mwaka, ni mbegu na mbolea ya msimu ujao. Mkulima huyu akiambiwa atoe mchango wa shilingi 5,000 kwa ajili ya shule hulalamika kutwa nzima; lakini huwapa wageni 400,000, tena huwasaidia kupakia.

Wenye kutetea lumbesa wana maneno yao, nasi yatupasa kuyasikia, kwa maana mengine yana ukweli ndani yake. Mchuuzi husema: Gharama zangu zote huhesabiwa kwa gunia. Mwenye gari hunitoza kwa gunia. Mpagazi hulipwa kwa gunia. Kizuizini mara nyingi huhesabiwa magunia. Nikichukua magunia ya kilo 100, na mwenzangu akachukua ya kilo 120, yeye hufika Tandale na maharagwe mengi kwa gharama ile ile, akauza kwa bei ya chini kuliko yangu, nami nikarudi nyumbani na madeni. Nikiwa mwaminifu peke yangu nitafilisika.

Neno hili si la uongo. Hata sisi, kama tungekuwa katika biashara yake, labda tungeona ugumu uo huo. Lakini angalieni linathibitisha nini. Halithibitishi ya kuwa lumbesa ni haki. Lathibitisha ya kuwa gunia ni kipimo kibaya cha kutozea nauli, ujira na ushuru. Dawa yake si kumjaza mkulima mzigo, bali ni kuhesabu kila kitu kwa kilo. Kama gari hutoza kwa kilo, lumbesa haina faida kwa mtu yeyote, nayo itakufa yenyewe bila polisi. Kuhusu ushuru, mwaka 2017 serikali ilipunguza ule uliokuwa asilimia 5 ya thamani: mazao ya biashara yakawa asilimia 3, na ya chakula asilimia 2, tena mzigo usiozidi tani 1 utokao halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Basi sehemu moja ya malalamiko ilikwisha kupunguzwa, lakini hatukuona magunia yakipungua kimo kwa sababu hiyo. Hapo twajua ya kuwa ushuru ulikuwa kisingizio zaidi kuliko sababu.

Tena, katika mabishano haya yuko mtu ambaye hatajwi, naye ni mpagazi. Simameni asubuhi mahali magari yashushiapo mizigo mkamtazame. Ni kijana wa miaka 20 na kitu, shingo imekakamaa, mishipa imetoka. Wenzake wawili humtwika gunia, naye hukimbia nalo kwa sababu kusimama chini ya uzito ule ni kubaya kuliko kukimbia. Shirika la Kazi la Dunia lilipendekeza mwaka 1967 ya kuwa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55. Gunia la sheria la kilo 100 lenyewe limekwisha kupita kiasi hicho. Lumbesa ya kilo 120 ni zaidi ya mara mbili yake. Vijana hawa ni watoto wa vijiji vile vile vilimavyo maharagwe. Baba hulijaza gunia bila kipimo kule Rukwa, na mwanawe hulibeba kwa mgongo huku Dar es Salaam. Wenzetu wa Kenya, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, waliamuru gunia la viazi lisizidi kilo 50. Nasi twaona ingefaa maharagwe yafungwe vivyo hivyo. Gunia dogo ni jepesi kubeba, ni rahisi kupima, wala halivai kilemba.

Lakini wako wasemao, Hii ni desturi ya biashara tangu zamani, nanyi walimu mwataka kugeuza mambo ya wazee. Twawajibu kwa mambo ya wazee wenyewe. Watu wa pwani hii walikuwa na kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Tena walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu kwa kufutwa, na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu. Mnunuzi na mwuzaji walipatana kwanza ni kibaba kipi, ndipo wakapatana bei. Hawakukubali kuuziana mfuto kwa jina la tele. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba haina maana kama kibaba hakina ukubwa unaojulikana. Kama kibaba kina tundu, au kitako kimesukumwa juu, haba na haba hujaza nini? Wazee walikuwa na kipimo, na sisi tumekitupa. Lumbesa haikutoka kwao.

Wala sheria haiko kimya. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, yakataza mzigo wa mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio wenye kazi ya kukagua mizani na kuipiga alama. Mara kwa mara tumesikia viongozi wakikemea lumbesa kwa sauti kubwa, na magari yakazuiliwa siku mbili tatu. Siku ya nne mambo hurudi yalivyokuwa. Hatuwalaumu wakaguzi peke yao. Mkaguzi mmoja hawezi kusimama katika kila shamba, lakini katika kila shamba yuko mwenye shamba. Huyo akinyamaza, sheria haina mdomo.

Basi twageuka kwenu, ndugu wakulima, nanyi mtuwie radhi, kwa maana rafiki wa kweli hasifu tu. Kwanza, nanyi pia mna hila zenu. Tumefungua magunia tukakuta mawe katikati, na udongo, na maharagwe ya mwaka juzi yamechanganywa na mapya, yale ya zamani yasiyoiva hata mkaa ukwishe. Tumekuta maharagwe mabichi, yaliyofungwa na unyevu ili yawe mazito, nayo yamekwisha kuota ukungu. Mchuuzi akijua hayo hujilinda kwa kuomba lumbesa. Na mkulima akijua lumbesa inakuja hujilinda kwa kutia mawe. Hivyo wezi wawili hukutana, kila mmoja akidhani yeye ndiye aliyeibiwa. Mizani peke yake haitaponya jambo hili. Anayetaka kulipwa kwa kilo hana budi kuleta kilo za maharagwe, yaliyokauka na kupepetwa, wala si kilo za kokoto.

Pili, mwauza kwa haraka mno. Tunajua sababu. Madeni yamekaa mlangoni tangu kupanda, na wengine wamekwisha kupokea fedha za mchuuzi maharagwe yakiwa maua. Tena mwaogopa wadudu, kwa maana maharagwe yakibunguliwa hayana bei. Mtu mwenye hofu mbili hawezi kubishana juu ya kilemba cha gunia, atasema, chukua. Lakini hofu ya wadudu ina dawa siku hizi, wala si sumu. Iko mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na mmoja wa kufumwa nje, iitwayo PICS. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walianza kazi yake kule Kamerun katika miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde za wakulima wadogo kama ninyi. Kila mfuko hufungwa peke yake, kwa nguvu. Hewa ya ndani ikiisha, wadudu hufa. Maharagwe makavu hukaa humo miezi mingi bila kubunguliwa. Aliye na mifuko mitatu ya namna hii si lazima auze siku ile gari lilipopiga honi. Aweza kusema, Leo sitaki. Na neno hili, sitaki, ndilo lililo na thamani kuliko neno lolote sokoni.

Kama mtu anashuku ubaya wa kuuza bila kuweza kungoja, na akumbuke habari ya mbaazi. Wakulima wengi wa Lindi, Mtwara na Manyara walilima mbaazi wakitazama mnunuzi mmoja, ndiye India. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 India iliweka mpaka wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi ziingiazo kutoka nje. Msumbiji walikuwa wamekwisha kuandikiana na India mkataba wao tangu mwaka 2016, mzigo wao ukapokewa. Sisi hatukuwa na mkataba wa namna hiyo. Bei ya kilo moja, iliyokuwa imepita shilingi 1,000, ilianguka mahali pengine hata shilingi mia na kitu, na watu wakaziacha shambani. Ajabu ni kwamba miezi ile ile, huku pwani, watu walikuwa wakinunua mbaazi za nazi kwa maandazi kila asubuhi, nao hawakuona bei ya bakuli ikishuka. Mei 15, mwaka 2021, India ilifungua mlango tena. Aliyekuwa na ghala na njia ya kuwafikia walaji wa hapa nchini aliweza kungoja. Asiyekuwa nayo alitupa.

Siku hizi katika mikoa kadhaa mbaazi, choroko na dengu huuzwa kwa stakabadhi za ghala, chini ya sheria ya mwaka 2005, kama zilivyotangulia korosho. Mkulima hupeleka mzigo kwa chama chake, ukapimwa kwa mizani, akapewa karatasi yenye idadi ya kilo, na wanunuzi hushindana kwa mnada. Twajua manung'uniko yake: malipo hukawia, makato huwa mengi, na wengine hawapendi kulazimishwa njia moja. Manung'uniko hayo ni ya haki kusikilizwa. Lakini jambo moja halina ubishi: katika karatasi ile imeandikwa kilo, wala si gunia. Tangu hapo mtu hawezi kumshonea mkulima kilemba. Basi hata pale ambapo mfumo huo haujafika, au hautakiwi, kitu hiki kimoja chaweza kuchukuliwa bila ruhusa ya mtu yeyote.

Wengine watasema, Mizani nayo hudanganya. Kweli, mizani ikishikwa na mwongo yaweza kusema uongo. Lakini mizani ina fadhili ambayo sado haina: yaweza kujaribiwa. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Pima chupa tupu, kisha itie lita moja kamili ya maji, uipime tena. Tofauti isipokuwa kilo moja, au karibu sana nayo, ondoka na maharagwe yako. Mtoto wa darasa la nne aweza kufanya jaribio hili mbele ya mchuuzi, na mchuuzi mwaminifu hatakasirika. Tena tazama kama mizani ina alama ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Na asemaye mizani ni ghali, tumekwisha kumwonyesha ya kuwa mwenye magunia 10 hutoa shilingi 400,000 bure kwa msimu mmoja, kwa bei ile tuliyoifanya mfano. Watu 20 wakichanga, mizani itanunuliwa, na mavuno ya kwanza yatawarudishia fedha zao.

Basi twasema yafanyike haya. Wakulima wa kijiji kimoja, au wa mtaa mmoja wa kanisa, wapatane kabla ya mavuno ya kwamba hakuna atakayeuza kwa gunia, ila kwa kilo. Wapatane wote, kwa maana mmoja akibaki nje, gari litasimama mlangoni pake na wengine watakata tamaa. Wanunue mizani moja, iwekwe mahali pa wazi, ishikwe na watu wawili wasio ndugu. Wenye magari watoze nauli kwa kilo, na wapagazi wakatae kutwikwa gunia lenye kilemba. Katika jambo hilo wapewe msaada na kila mtu. Wenye vibanda waweke mizani mezani, sado ibaki kuwa chombo cha kuchotea.

Na sisi wa mjini tusijifiche nyuma ya ujinga wetu. Shule, hospitali, mama lishe, na vyama vya akina mama wa kanisa hununua maharagwe mengi kila juma. Mwuzaji huwaheshimu kwa sababu ya wingi wa fedha zao. Hao ndio waanze kusema, Tupimie kwa kilo. Maskini wa sado moja akiomba mizani huambiwa aende zake; lakini shule yenye watoto 800 ikiomba, mizani hutafutwa, na ikiisha kuwekwa mezani, yule maskini naye atapimiwa kwa hiyo hiyo.

Shule yetu imeanza. Tumeamua kununua kwa kilo tu, na gunia likizidi, twalipa ziada yake kwa bei ile ile, ijapokuwa twajua fedha hiyo humfikia mwuzaji, wala si mama yule wa Usambara. Mara mbili tumekataliwa, tukarudi na mikokoteni mitupu, na watoto walikula uji mchana. Baadhi ya wazazi walikasirika, wakasema walimu wanawashindisha watoto njaa kwa sababu ya ukaidi. Tuliwaita tukawaonyesha mizani, na zile sado tano, na hesabu ya darasa la sita. Wengine walielewa, wengine bado. Safari ya tatu tulimpata mwuzaji aliyekubali. Bei yake kwa gunia yaonekana kuwa juu kidogo, na kwa kilo ni ile ile.

Tuliyotaka kusema ni hayo. Twangoja kusikia kutoka vijijini, hasa mahali ambapo watu wamekwisha kujaribu kuuza kwa mizani: walishindaje, au walishindwa kwa sababu gani. Mwenye neno lililo bora kuliko letu na aliandike, nasi tutalisoma mbele ya watoto.